Rangi ya injini: kukauka na kuiva

Fundi aliyenifunza kazi Malindi alikuwa na maneno mawili ambayo hakukubali yachanganywe: kukauka na kuiva. Rangi ikikauka, thina, yaani kile kimiminika kinachoilainisha, imeruka, ukigusa haikushiki kidole. Ikiiva, moto umeishikamanisha yenyewe kwa yenyewe, imekuwa gamba gumu ambalo oili, petroli na joto haviling'oi. Rangi ya nyumba inatosha kukauka. Rangi ya injini lazima iive, na tofauti yao kubwa iko hapo.

Kwa hivyo tukisema rangi ya injini tunamaanisha enameli iliyotengenezwa kuvumilia joto, aghalabu nyuzi 150 hadi 260 za Selsiasi, kutegemea kopo. Bloki yenyewe, ule mwili mkubwa wa injini, haifiki huko. Maji ya redieta kwenye injini isiyo na hitilafu hucheza karibu na nyuzi 90, na hiyo nafasi iliyobaki ni akiba ya sehemu zilizo jirani na egzosi. Manifoldi ya egzosi, mabomba yanayopokea moshi wa moto kutoka kwenye injini, ni habari nyingine kabisa. Ile hupita nyuzi 400 bila shida, na dawa yake ni rangi ya silikoni, kopo lililoandikwa nyuzi 600 kwenda juu. Ukiipaka rangi ya bloki, itaungua.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Tulikuwa tumefanya ovaholi (kuifungua injini yote na kuitengeneza upya) ya pikapu iliyokuwa ikibeba chumvi kutoka Gongoni, na mwenye gari alitaka injini ing'ae. Nikachukua rangi ya mafuta iliyobaki kwenye milango ya nyumbani, nikapaka kwa brashi, nene, nikajisifu. Aliporudi kutoka safari ya kwanza alisema gari linanuka kama jiko lililomwagikiwa. Wiki ya pili rangi ilikuwa inabambuka vipande vipande, na chini yake chuma chekundu kwa kutu.

Kutu ile haikuletwa na rangi mbaya peke yake. Huku kwetu hewa ina chumvi, na chuma cha kusubu kikishasuguliwa kikabaki kitupu, ukikilaza nje usiku asubuhi utakikuta na wekundu. Ndiyo maana kusafisha na kupaka ni kazi ya siku moja. Kwanza grisi: mafuta taa na brashi ya waya. Lakini mafuta taa huacha utando wake, na wengi huishia hapo. Baada yake ni sabuni na maji ya moto, kisha suuza kwa maji matamu ya mfereji, si ya kisima. Visima vingi vya hapa maji yake yana chumvi, na utakuwa umeipaka injini kile kile ulichotaka kukiondoa. Kausha kwa upepo wa kompresa, halafu futa kwa thina na kitambaa safi, ukikigeuza kila mara.

Utajuaje kama ni safi? Kabla ya kukausha, mwagia maji kidogo ubavuni mwa bloki. Yakitandaa kama shuka, endelea. Yakijikusanya vitone vitone kama juu ya jani la myugwa, mafuta bado yapo, rudia sabuni. Jaribio hili halina gharama na sijaona fundi mvivu akilipenda. Tena chuma cha kusubu kina vitundu vidogo ambavyo vimekunywa oili miaka na miaka. Kipashe joto kidogo uone kama kinatoa jasho. Kikitoa, kifute tena.

Kisha ziba. Karatasi na seloteipu kwenye kila uso unaopokea gasketi (kile kizibo chembamba kati ya vipande viwili vya injini), matundu ya plagi, sensa, na kila shimo linaloingia ndani. Rangi chini ya gasketi huleta mvujo, na kipande kikibanduka kikaangukia njia ya oili, ovaholi yote imeingia hatarini. Usisahau pale panapofungwa waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia chuma cha injini. Nimeona starta ikilia kwa uchovu, watu wakabadilisha betri, kumbe waya umefungwa juu ya rangi.

Praima, rangi ya chini inayoshikisha ile ya juu, hupigwa kwanza. Kama hedi, kipande cha juu kinachofunika bloki, ni ya aluminiamu, tafuta praima inayouma aluminiamu, maana rangi ya kawaida haiishiki sawasawa. Juu yake piga rangi mara mbili au tatu, nyembamba, ukiacha dakika kama 10 katikati. Mkono wa kwanza uwe ukungu tu, chuma kionekane chini yake. Soma kopo: enameli nyingi za spreyi hutaka umalize ndani ya saa moja, ama usubiri siku kadhaa. Ukirudia katikati ya muda huo, rangi itakunjamana. Usipulizie alfajiri chuma kikiwa na umande, wala alasiri upepo wa kusi ukipeperusha mchanga, labda kama una banda lililofungwa.

Kuhusu rangi gani, chagua upendavyo. Marekani watu hugombania rangi ya machungwa ya injini za Chevrolet na buluu ya Ford. Mimi hupendelea kijivu cheupe, kwa sababu oili ikianza kuvuja unaiona mapema ilipotokea. Nyeusi huficha.

Baada ya siku moja au mbili imekauka. Kuiva huja injini ikiwashwa, ikapata joto lake la kawaida, ikazimwa ikapoa, ikawashwa tena, kwa kufuata utaratibu aliokupa fundi wa ovaholi wa kuzoesha pistoni na ringi mpya. Mara ya kwanza utaona moshi mwepesi na harufu kali. Fungua boneti, kaa upande upepo unakotoka, na usiguse kwa kucha hadi ipoe.