Semi-otomatiki haiongezi nguvu ya risasi

Wengi wanaamini ukiwinda na bunduki ya semi-otomatiki, yaani inayojipakia risasi yenyewe, mnyama mkubwa ataanguka tu kwa vile risasi zinatoka haraka, jamani hapana. Ukivuta triga inatoka risasi moja, gesi ya baruti inasukuma bolti (kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) irudi nyuma, ganda linaruka, risasi nyingine inaingia chemba, pale inapokaa kabla ya kupigwa, basi. Risasi ya .30-06, saizi moja ya kuwindia, nguvu yake ni ile ile ukiipiga na BAR, semi-otomatiki ya kampuni ya Browning, au bunduki ya bolti unayoivuta kwa mkono kila risasi, tofauti utaisikia begani, semi-otomatiki inapiga teke kidogo. Kwahiyo anza na kaliba, yaani saizi ya risasi, maana kwa nyati hata hiyo .30-06 ni ndogo, wazoefu wanaanzia kaliba ya .375 na bunduki zake nyingi ni za bolti. Ukimkosa moyo au mapafu risasi ya kwanza, anakimbia porini na maumivu, inaniuma sana hiyo.