Je, Wajua Kwa Nini Taa za Gari la Zamani Hufifia Kila Besi Inapopiga?

Gari lina miaka thelathini, injini bado nzima, bodi haijambo. Mwenyewe analiwekea redio mpya, amplifaya na sabufa mbili (spika za besi) kwenye buti. Usiku wa kwanza anafungulia muziki na kuona kioja: kila mdundo unapopiga, taa za mbele zinafifia kidogo, kisha zinarudi. Akiuliza, ataambiwa betri imechoka, aweke kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme kwa muda mfupi), au anunue waya mnene zaidi wa amplifaya. Ushauri wote huo unaweza kumla pesa na taa zikaendelea kucheza vilevile.

Tuanze na taa zenyewe, maana ndizo shahidi. Balbu yenye uzi, ikiwemo ya halojeni, haina chochote cha kutuliza umeme. Inapokea volteji ya gari kama ilivyo. Na mwanga wake hauendi sambamba na volteji, bali huporomoka haraka zaidi, takriban kwa kipeo cha 3.4. Volteji ikitoka 14 ikakaa kwenye 12.5, upungufu ni kama asilimia 11 tu, lakini mwanga unapotea karibu theluthi moja. Hiyo ndiyo maana jicho linaona kitu ambacho redio yenyewe haijakisikia. Magari mengi ya kisasa yana taa za LED zenye saketi ya kudhibiti mkondo, kwa hiyo volteji inaweza kuyumba ndani yake na dereva asijue lolote.

Kwa nini iwe besi, na si sauti ya mwimbaji au gitaa? Kwanza, sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini. Watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1933: sauti nzito inahitaji nguvu nyingi mno kuliko sauti ya kati ili masikio yazihesabu kuwa sawa. Pili, kuna hewa ya kusukuma. Ukishuka kutoka hezi 80 hadi hezi 40 na kutaka ukubwa uleule wa sauti, koni ya sabufa lazima iende mbele na nyuma umbali mara nne. Ndiyo sababu spika za milango huridhika na wati chache, ilhali sabufa hudai mamia.

Wati hizo haziwezi kutoka kwenye redio peke yake, hata kama boksi lake limeandikwa 50 mara 4, yaani wati 50 kwa kila moja ya spika nne. Hesabu ni fupi. Redio isiyo na kifaa cha kupandisha volteji inategemea volti 14.4 za gari, na spika ya kawaida ni omu 4. Wimbi safi la sauti, hata likitumia volti zote hizo bila kupoteza chochote, linatoa wati 26 tu kwa kila spika, na kwa kweli utapata chini ya hapo. Ile 50 inapatikana ukikubali sauti iliyokatwa kileleni hadi wimbi lake likawa la mraba, yaani makelele. Wenye viwanda wanalijua hilo vizuri kuliko sisi.

Amplifaya inaukwepa ukuta huu kwa kupandisha volteji ndani yake. Transista zinakatakata umeme wa betri mara maelfu kwa sekunde, transfoma inaukuza, kisha unanyooshwa tena. Wazo lenyewe ni la kale. Redio za gari za valvu za miaka ya 1930 zilifanya hivyohivyo kwa kijisahani cha chuma kilichotetemeka na kuvuma ndani ya kopo. Ila umeme haupandishwi bure, maana ukiongeza volti upande mmoja unalipa kwa ampea upande mwingine. Sabufa ikidai wati 500 kutoka kwa amplifaya ya daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi) yenye ufanisi wa asilimia 80, mfumo wa gari unatozwa wati 625. Gawanya kwa volti 13.8, unapata ampea 45. Amplifaya ya daraja AB yenye ufanisi wa asilimia 60 itataka ampea 60 kwa kazi ileile.

Sasa tuone nani wa kulipa. Umeme wa gari huzalishwa na alteneta, mashine inayozungushwa na injini. Alteneta nyingi za magari ya miaka ya 1980 ni za ampea 45 hadi 65, na kiasi hicho hupatikana injini ikizunguka kwa kasi. Gari likisimama bila kukanyaga mafuta, alteneta inaweza kutoa nusu ya hapo au hata pungufu. Taa mbili za wati 55 zinachukua ampea 8 hivi, juu yake kuna mfumo wa kuwasha injini, feni na waipa. Kinachobaki ni kidogo. Gari la zamani zaidi, lenye dinamo (mashine ya kale ya kuzalisha umeme) badala ya alteneta, lina ampea ishirini na kitu kwa kila kitu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huyu wa kwenye buti anakuja na njaa.

Hapa ndipo watu wengi hujiuliza: mbona betri ipo? Si inaweza kutoa mamia ya ampea wakati wa kuwasha gari? Inaweza, ila ina sharti moja, na sharti hilo ndilo jibu la swali letu. Injini ikizunguka, alteneta inashikilia mfumo kwenye volti 14 hivi. Betri iliyojaa, ikiwa imetulia, ina volti 12.6. Maadamu mfumo uko juu ya hapo, betri haitoi kitu. Yenyewe ndiyo inayolishwa. Mdundo ukipiga na mahitaji yakaipita alteneta, volteji inaanza kushuka, na betri inaendelea kutazama. Inashuka 13.5, inashuka 13. Ni hadi ikaribie 12.6 ndipo betri inapoanza kutoa badala ya kupokea, na hapo inaubeba mzigo wote kwa urahisi. Ule mporomoko wa kutoka 14 hadi 12.5 ndio unaouona kwenye taa. Ni makabidhiano ya zamu kati ya alteneta na betri, na yanatokea upya kila ngoma inapopigwa.

Alteneta nayo haiwezi kuwahi. Regileta, yaani kidhibiti chake cha volteji, inapoona volteji imeshuka, inaongeza mkondo kwenye koili ya sumaku, lakini koili kwa asili yake hupinga mkondo kubadilika ghafla. Hadi nguvu ipande, mdundo umekwisha. Basi hata betri mpya kabisa haiondoi kufifia huku, kwa sababu nayo ina volti 12.6 zilezile. Ikiwa mbovu, itazidisha tatizo, maana volteji itapita hapo na kuendelea kushuka.

Na ule ushauri wa kapasita? Kapasita ya faradi 1, volteji ikishuka kwa volti 1, inatoa kulombi 1 ya umeme, yaani ampea 1 kwa sekunde 1. Kwa ampea 45 hiyo inaisha kwa sekunde 0.022. Wimbi moja la noti ya hezi 40 linachukua sekunde 0.025. Yaani kapasita inaishiwa kabla wimbi moja halijakamilika, na mdundo mmoja una mawimbi kadhaa. Ikishaisha, inageuka kuwa mlaji mwingine anayetaka kujazwa. Inapendeza kwa taa zake za buluu, lakini pesa hizo zina matumizi bora.

Waya mnene wa amplifaya ni suala la kuchambua, kwa sababu ni jambo jema linalotolewa kama dawa ya ugonjwa usio wake. Waya wa shaba wa milimita 8 za mraba, wenye urefu wa mita 5, ukipitisha ampea 45 unapoteza karibu nusu volti njiani. Wa milimita 20 za mraba unapoteza volti 0.2. Tofauti hiyo amplifaya inaihisi, na waya mwembamba pia unapata moto. Lakini volti hizo zinapotea kati ya betri na amplifaya, mahali ambapo taa hazipo. Taa hazijui lolote kuhusu waya wa kwenda kwenye buti. Zinaathiriwa tu na njia ambazo zinatumia pamoja na amplifaya. (Mnunuzi aangalie pia kama ni shaba kweli: waya wa alumini uliopakwa shaba una ngozi nyekundu ileile, lakini hupitisha umeme kwa shida zaidi.)

Njia ya pamoja ambayo kwenye gari la zamani huwa mbovu kuliko zote ni ya kurudi: ethi. Umeme unatoka chanya kwa waya wa shaba, lakini unarudi kupitia bodi ya gari, na bodi imeungwa kwenye ncha hasi ya betri kwa waya mfupi au mkanda wa nyuzi uliosukwa. Baada ya miaka thelathini ya maji, chumvi na mvuke wa tindikali, mkanda huo huwa na ukungu wa kijani, nyuzi kadhaa zimekatika, na chini ya bolti kuna kutu. Tuseme ukinzani wake umefika omu 0.02, kiasi ambacho mita nyingi za kawaida hazikionyeshi kwa uhakika. Redio ya zamani isingelalamika. Lakini ampea 45 zikipita hapo, volti 0.9 zinapotea, na taa za mbele, ambazo nazo zinarudisha umeme kupitia mkanda uleule, zinanyimwa volti 0.9 hizohizo. Joto linalozalishwa hapo ni wati 40. Kiungo kinaweza kupata moto wa kuusikia kwa kidole.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji fundi. Weka mita kwenye volti za umeme wa moja kwa moja, ncha moja iguse nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe na si klempu, na nyingine iguse chuma kitupu cha bodi. Mwenzako afungulie besi. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, dawa iko pale: fungua bolti, piga msasa hadi chuma king'ae, weka mkanda mpya mnene, kaza, kisha paka grisi juu yake ili kutu isirudi. Rudia kati ya injini na nguzo ya hasi, kwa sababu alteneta imefungwa kwenye injini na umeme wake unapita hapo. Mwisho, badilisha waya unaotoka alteneta kwenda chanya ya betri. Nyaya hizi tatu ndizo ningezishughulikia kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Kuna mtego mwingine kwa magari yenye mita ya ampea kwenye dashibodi. Katika baadhi yake, mkondo wote wa alteneta unaingia ndani, unapita kwenye mita, kisha unarudi kwenye betri. Ukiunga amplifaya kwenye betri, kama vitabu vinavyosema, kila ampea inayotoka alteneta kwenda kwenye sabufa inapita nyuma ya dashibodi kwanza, kwenye viungo vilivyobuniwa kwa ajili ya taa na honi. Plastiki za humo zimewahi kuyeyuka kwa mizigo midogo kuliko hiyo. Na kama gari ni kongwe zaidi, hakikisha kwanza kwamba ni la volti 12, kisha kwamba ni hasi ndiyo iliyoungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yaliunga chanya, na redio mpya ikiwekwa humo kama kawaida itaungua.

Nyaya za spika za kiwandani nazo zisiaminiwe. Redio nyingi za kale ziliendesha kila spika kwa waya mmoja, upande wa pili ukaachwa kugusa bodi. Redio ya leo inatuma umeme kwenye waya zote mbili, na hakuna hata mmoja unaoruhusiwa kugusa chuma. Pitisha nyaya mpya mbili kwa kila spika. Nyaya za ishara ya sauti kutoka redioni kwenda kwenye amplifaya zipite upande mmoja wa gari na waya wa umeme upande mwingine. Mluzi unaopanda kila unapokanyaga mafuta ni alteneta inayoingia kwenye sauti, na mara nyingi chanzo chake ni ethi ileile mbovu. Fyuzi ya waya wa amplifaya ikae karibu na betri, ndani ya nusu mita, maana kazi yake ni kulinda waya usiunguze gari ukichubuka njiani.

Ukishafanya yote hayo, taa zinaweza bado kufifia kidogo gari likiwa limesimama. Soma volti kwenye betri besi ikipiga. Zikishuka hadi 12.5 na kurudi juu ya 13.5 mara moja, ni yale makabidhiano tu, na hayadhuru. Zikibaki chini ya 12.5 wimbo mzima, betri inaliwa bila kujazwa, na hapo uchaguzi ni kupunguza besi au kuweka alteneta kubwa. Nayo ina gharama zake: ampea 100 kwa volti 14 ni wati 1,400, na kwa kuwa alteneta hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kama joto, injini inaweza kutozwa zaidi ya nguvu farasi 3 kupitia mkanda mmoja mwembamba unaoizungusha alteneta. Mkanda ukiwa mzee au umelegea, utateleza na kupiga yowe kila sabufa inapopiga, kwa hiyo unapoulizia alteneta, uliza na mkanda na puli zinazoendana nayo.