HD ikikatika haimaanishi kituo kinabadilisha fomati

Nimeulizwa tena wiki hii, na safari hii na mtu anayezifuatilia redio kweli kweli: HD (matangazo ya dijitali) ya kituo fulani imezimika tangu juzi, je wanabadilisha fomati, yaani aina ya vipindi au muziki? Jamani hapana. Mimi ni fundi mitambo wa redio huku Marekani, kazi yangu ni transmita, yaani mtambo wa kurusha mawimbi, na kila kitu kinachoipelekea sauti, na kila HD ikipotea lazima uvumi huu uzuke, watangazaji wanapigiwa simu kuulizwa kama wamefukuzwa, kumbe kuna kompyuta moja imeganda.

Msingi kwa haraka. HD Radio, ambayo FCC, yaani mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliikubali Oktoba 2002, haina masafa yake yenyewe. Inakaa pembeni mwa analogi ileile, yaani FM ya kawaida, pande zote mbili, kati ya kilohezi 129 na 198 kutoka katikati. Mwanzoni iliruhusiwa asilimia 1 tu ya nguvu ya analogi, mwaka 2010 FCC ikaongeza, na wachache wenye nafasi wanaweza kufika asilimia 10. Piga hesabu basi, kituo cha wati 50,000 kikiwa kwenye asilimia 1 kinarusha dijitali kwa wati 500. Halafu mtu yuko mbali huko mpakani mwa mawimbi anashangaa kwa nini HD inakuja na kupotea.

HD inabeba chaneli kadhaa. HD1 ni nakala ya analogi, ikikatika redio ya gari inarudi analogi yenyewe na wengi hata hawatambui. HD2 na HD3 ni chaneli zenye vipindi vingine, hazina pa kurudi. Zikikatika ni kimya. Kimya hicho ndo kinazaa uvumi wote.

Sasa kinachokata ni nini? Mara nyingi ni importa, ambayo ni kompyuta inayoingiza HD2 na HD3, nayo inaganda kama kompyuta yoyote. Au ni njia ya data kutoka studio kwenda mnarani, maana pakiti zinakwenda upande mmoja tu, ikipotea moja hakuna anayeirudisha. Au antena ya GPS, inayoipa mitambo saa sahihi, imekufa. Au, na hili watu hawalifikirii kabisa, mafundi wamepanda mnarani kwa hiyo kituo kimehamia kwenye transmita ya akiba, na ya akiba mara nyingi ni analogi tupu. Kingine, transmita ikirusha vyote viwili pamoja inahitaji nafasi kubwa ya nguvu, kwa hiyo moduli moja ya amplifaya ikiungua mimi nazima dijitali bila kusita ili analogi ibaki na nguvu yake kamili. Na niseme ukweli ambao vitabu vinaupita kimya: kuna siku unazima na kuwasha kila kitu, inarudi, na chanzo hakijulikani milele.

Kwa nini basi inakaa wiki nzima? Kwa sababu saa ya sheria inaiangalia analogi. Kituo kikinyamaza siku 10 lazima FCC ijulishwe, kikipita siku 30 lazima kiwe kimeomba ruhusa, miezi 12 mfululizo leseni inakufa. Dijitali ni hiari. Ikizimika, inasubiri kifaa, inasubiri bajeti, inasubiri fundi ambaye ana vituo vingine kibao vya kuhudumia.

Kinachonichosha zaidi ni hili la "redio inarudia maneno, wanajaribu fomati mpya". Hapana! Dijitali inachukua muda kutengenezwa na kufunguliwa, kwa hiyo analogi inacheleweshwa makusudi karibu sekunde 8 ili zifike sikioni pamoja. Zikiachana hata kidogo, gari likiwa mahali ambapo HD inakatika-katika redio inaruka kutoka moja kwenda nyingine na wewe unasikia neno mara mbili, au sentensi imekatwa katikati. Saa za mitambo zinapishana taratibu, mtu anabadilisha kifaa kimoja cha sauti studio, basi mpangilio umeharibika na studio hawajui chochote kwa sababu wao wanasikiliza analogi. Maoni yangu, na wenzangu wengine wanayapinga, ni kwamba HD1 iliyoachana na analogi ni bora izimwe kuliko kuachwa ikimtesa msikilizaji. Halafu kuna siku za mechi: kituo kinaondoa ule ucheleweshaji ili mtu aliye uwanjani asikie mpira papo hapo, na redio inaamriwa ibaki analogi mpaka mechi iishe. HD1 haisikiki, HD2 inaendelea kama kawaida. Hapo hakuna hitilafu wala fomati mpya.

Fomati yenyewe inabadilishwa studio, kwenye kompyuta ya kupangia vipindi. Transmita haijui kama ni habari au muziki. Na hakuna ruhusa inayoombwa, FCC haiingilii fomati za burudani na Mahakama ya Juu ya Marekani iliiunga mkono mwaka 1981. Ukitaka dalili, angalia herufi za kituo, yaani jina lake rasmi la leseni, zikiombewa mabadiliko, watangazaji wakipotea ghafla wote, au nyimbo za Krismasi zikipigwa mfululizo katikati ya mwaka. Ukiona jina la zamani kwenye skrini ya gari wakati muziki umeshabadilika, ni kwamba hakuna aliyekumbuka kuandika jipya.

Ila kuna mahali mambo haya mawili yanakutana kweli. Translata ya FM, yaani mtambo mdogo wa wati 250 mwisho unaorudia matangazo ya kituo kingine, hairuhusiwi kuanzisha vipindi vyake, kwa hiyo wenye vituo wanaipa HD2 ya kituo kikubwa na wewe unaisikia kama redio mpya kwenye FM. HD2 ikifa, translata nayo imepoteza chanzo chake. Pia nafasi ya data ni ndogo, kwenye modi ya kawaida ni takriban kilobiti 96 kwa sekunde za kugawana wote, kwa hiyo HD3 ikifutwa ili HD2 isikike vizuri, huo ni uamuzi na hairudi. Kwa sikio tu huwezi kutofautisha uamuzi huo na importa iliyoganda. Hata sisi mafundi wakati mwingine tunaambiwa siku yenyewe.

Kwa hiyo HD ikipotea andikia kituo, useme ni HD ipi, analogi ikoje, ulikuwa wapi, saa ngapi, na kama HD za vituo vingine zilikuwa zinashika hapo hapo. Ujumbe wa namna hiyo unanifikisha kwenye kifaa chenye tatizo kabla sijatoka nyumbani.