Kabla ya kununua laptopu, peleka faili la droni yako dukani

Majuzi mwalimu mmoja wa sekondari alipanda basi kutoka Lindi akaja ofisini kwangu hapa Mtwara mjini, mkononi mabegi mawili. Moja lilikuwa na droni ndogo aliyoinunua kwa akiba ya muda mrefu, jingine laptopu. "Fundi," akaniambia hata kabla hajakaa, "nitafutie programu nzuri ya kuediti. Hii niliyonayo inakwamakwama."

Nikamwomba anionyeshe. Akafungua video ya ghuba ya Lindi asubuhi, mitumbwi inarudi, maji yametulia kama mafuta. Ikacheza sekunde mbili, ikaganda, ikaruka, ikaganda tena. Feni ya laptopu ikaanza kuvuma. Nilipomuuliza, akasema hiyo ni programu ya tatu. Zote alizipakua kwa bando lake, kila moja gigabaiti kadhaa, na zote zimekwama palepale.

Swali la "nitumie programu gani?" naulizwa karibu kila wiki, na kwa maoni yangu ni la kuuliza mwisho. La kwanza ni hili: droni yako inaandika faili la aina gani, na kompyuta ipi ina uwezo wa kulisoma?

Watu wa korosho watanielewa upesi. Chukua daftari la ghala la chama cha msingi. Ukurasa unaanza na jumla ya kilo zilizopo. Mistari inayofuata inaandika tu kilichoingia na kilichotoka. Ukitaka kujua ghalani kulikuwa na kilo ngapi kwenye mstari wa 12, huna budi kurudi juu na kuhesabu mstari kwa mstari. Video ya droni imeandikwa hivyohivyo. Inahifadhi picha moja kamili, kisha kwa picha kadhaa zinazofuata inaandika mabadiliko tu: wimbi hili limesogea, tanga lile limegeuka. Ndiyo maana faili linatosha kwenye memori kadi. Lakini kila unapovuta video mbele na nyuma ukitafuta pa kukata, kompyuta inahesabu upya tangu mwanzo wa ukurasa, tena kwa picha za 4K, yaani picha kubwa zenye nukta nyingi sana. Namna hii ya kubana inaitwa kodeki. Zile utakazokutana nazo ni H.264 na H.265. H.265 inabana zaidi, na kuikunjua ni kazi nzito zaidi.

Sasa, prosesa nyingi za miaka ya karibuni zina kipande maalumu ndani yake ambacho kazi yake ni kukunjua video tu. Intel wanakiita Quick Sync. Kikiwepo na kikiifahamu kodeki yako, video inateleza hata kwenye laptopu ya kawaida. Kisipokuwepo, prosesa nzima inahangaika na mahesabu na feni inavuma. Kwa Intel, kizazi cha 6, kilichotoka mwaka 2015, ndicho kilichoanza kukunjua vizuri H.265 ya biti 8 (biti hapa ni kipimo cha wingi wa rangi). Kizazi cha 7 kikaongeza ya biti 10. Kukijua kizazi ni rahisi: tazama namba baada ya kistari. i5-4300U ni kizazi cha 4, hiyo iache. i5-8250U ni cha 8, na kuanzia hapo i5 nyingi za laptopu nyembamba zina koo (cores, yaani vichwa vya kupiga hesabu ndani ya prosesa) 4 au zaidi badala ya 2. Kwa anayetafuta laptopu ya mtumba, mimi humwambia asishuke chini ya kizazi cha 8.

Hili nililijua kwa hasara. Nilipoanza kazi nilinunua kompyuta ya mezani ya mtumba yenye prosesa ya Xeon, ile ya Intel ya kompyuta kubwa za kazi, koo 12, muuzaji akanihakikishia kwamba kwa video hakuna kuizidi. Xeon nyingi hazina kile kipande cha kukunjua video, na kadi ya grafiki iliyokuwemo ilikuwa ya zamani. Mashine kubwa namna ile ikawa inashindwa na klipu ambazo laptopu ndogo ya mdogo wangu ilikuwa inazicheza bila shida. Fedha ile ilikuwa mapato yangu ya kupiga video za harusi msimu mzima.

Kwa hiyo nenda dukani na faili lako mwenyewe. Rusha droni dakika moja kwa kiwango cha juu unachokusudia kukitumia, weka klipu hiyo kwenye flashi, kisha mwombe muuzaji aikopi ndani ya mashine. Usiicheze ikiwa kwenye flashi, maana kasi ya flashi itakudanganya. Icheze kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video, rukaruka mbele na nyuma, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu ya utendaji (Performance) na utazame kadi ya grafiki (GPU). Pale palipoandikwa Video Decode, mstari unatakiwa kupanda wakati video inacheza. Ukilala kwenye sifuri huku prosesa imefika asilimia 100, mshukuru muuzaji, uende duka jingine. Muuzaji anayekukatalia jaribio hili naye amekwisha kukupa jibu.

Baada ya hapo angalia RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na diski. RAM ya GB 8 inatosha kwa video fupi na programu nyepesi. Ukitaka DaVinci Resolve, tafuta 16. Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyozunguka, hilo halina mjadala. Na hapa kuna hesabu ambayo wengi hawaipigi. Droni ndogo nyingi za kampuni ya DJI zinaandika 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde. Gawa kwa 8: megabaiti 12.5 kila sekunde, megabaiti 750 kila dakika. Betri moja, upepo wa kusi ukiwa unavuma na unataka kutua salama, nakushauri uihesabie dakika 20. Hizo ni GB 15. Betri tatu kwa jioni moja ya Msimbati, ufukwe wetu wa Mtwara, GB 45. SSD ya GB 256 yenye Windows ndani itajaa kwa safari tatu nne. Nunua pia diski ya nje ya kutunzia kazi zilizokwisha, na SSD ibaki na kazi unayoifanya sasa.

Memori kadi iwe na alama ya V30 au U3, yaani inahakikisha kuandika megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka. Kadi feki zimejaa. Inaandikwa GB 256 huku ndani ni 32, na kinachozidi kinapotea kimyakimya. Ukinunua tu, ijaribu kwa programu ya bure iitwayo H2testw kabla ya kuirusha juu ya bahari.

Kioo nacho watu wanakisahau, na mimi kinaniuma kuliko yote. Zamani nilikuwa nahariri kwenye laptopu ya ofisi yenye kioo cha bei nafuu, kile ambacho ukiinama kidogo rangi zinageuka. Nilipiga fungu la mchanga la Msimbati maji yakiwa yamekupwa, pale ambapo kijani cha maji ya kina kifupi kinakutana na bluu ya kilindi, na katikati kuna rangi ambayo sijawahi kuipatia jina. Kwenye kioo changu bahari ilionekana imepauka, nikaongeza rangi, nikaongeza tena. Dada yangu alipoifungua kwenye simu yake aliniuliza kama nimemwaga bluu ya kufulia. Na kweli, ile rangi ya katikati ilikuwa imekufa kabisa. Kioo kilikuwa kinanidanganya, nami nikaisahihisha bahari ambayo haikuwa na kosa. Tafuta kioo cha IPS, aina ambayo rangi hazigeuki ukiinama, na kabla ya kumaliza kazi yoyote itazame pia kwenye simu mbili tofauti.

Sasa tuje kwenye programu. DaVinci Resolve ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia ina toleo la bure lisilo na alama juu ya video na lisilo na kikomo cha siku. Kwa rangi, mimi sijaona inayoifikia. Toleo la kulipia ni dola 295, unalipa mara moja. Ila la bure limekusudiwa hasa video za biti 8, hadi 4K ya fremu (picha) 60 kwa sekunde. Basi kama droni yako inatoa biti 10 na rangi zile zilizopauka za D-Log M (namna ya DJI ya kurekodi rangi hafifu ili uzirekebishe mwenyewe baadaye), achana nazo kwa miezi yako ya kwanza. Piga kwa rangi ya kawaida, jifunze kukata na kupanga. Adobe Premiere ni nzuri, lakini unalipa kila mwezi, na mwezi usiolipa huwezi kuendelea kuitumia. Sioni sababu ya mtu wa kujifurahisha kujifunga hivyo. Zile zilizokrekiwa, yaani nakala za wizi, zinazozunguka kwenye flashi zimenijazia ofisi laptopu zenye virusi. Usiziguse.

Mashine yako ikiwa dhaifu, Kdenlive na Shotcut ni za bure na ni nyepesi kuliko Resolve. CapCut inafaa kwa klipu ya haraka ya simu, lakini hakikisha unatumia faili lililo kwenye memori kadi. Ile video inayobaki ndani ya simu baada ya kurusha ni nakala ya ubora mdogo ya kutazamia tu, na nimeona watu wakiilaumu droni kwa sababu yake.

Kuna njia moja inayookoa mashine nyingi, nayo ni proksi. Programu inatengeneza nakala ndogo ya kila klipu, wewe unakata kwa hiyo nakala, na wakati wa kutoa kazi ya mwisho inarudi yenyewe kwenye faili la asili. Ubora haupungui hata chembe. Unachotoa ni subira ya kusubiri nakala zitengenezwe.

Mambo ya kwetu mawili, haraka. Wakati mashamba ya korosho yanapulizwa salfa, usifungue laptopu shambani. Unga ule unaingia kwenye feni na unakula vyuma. Na kabla ya kurusha chochote, sajili droni na upate kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Bandarini, uwanja wa ndege na kambi za jeshi usisogelee.

Nirudi kwa mwalimu. Laptopu yake ni i5 ya kizazi cha 6, RAM GB 8, diski ya zamani ya kuzunguka. Kununua nyingine hakuwa na uwezo, na sikuona haja. Tulimwongezea RAM ikafika 16, tukamwekea SSD, nikamfungulia Kdenlive na kuwasha proksi. Tulikunywa chai wakati nakala zinatengenezwa. Kisha akashika mausi mwenyewe, akavuta video polepole kurudi nyuma, na safari hii haikuganda. Alikuwa anatafuta picha moja: mvuvi amesimama kwenye mtumbwi, amenyanyua pondo, matone yanadondoka majini. Akaipata. Akakata hapohapo.