Pindo la kanga na hamira ya shangazi

Shangazi yangu wa Kibokoni, Mombasa, hakunipa hata nafasi ya kuvua viatu. Shikamoo ingali mdomoni, akanitilia chupa ya vidonge mkononi. "Mwanangu, hebu nisomea hii. Kijana wa dukani asema yarejesha ujana."

Nikaisoma. Herufi ndogo, ahadi kubwa, na katikati yake neno lililonisomesha, likanilisha, likanichosha macho kwa karibu miaka 20: telomia. Vidonge hivyo eti hurefusha telomia, na telomia ndefu ndiyo maisha marefu.

Nikakaa kibaoni. Tui lilikuwa linapoa sufuriani, unga wa mahamri umeshachekechwa, iliki imetwangwa, na kando ya sinia pakiti ya hamira iliyokatwa kona. Nikacheka. Mimi uzee nimeusomea kwenye hamira, si kwa binadamu, na jibu la ile chupa lilikuwa pale pale mezani.

Hamira ni kiumbe hai cha seli moja. Kijiko kimoja kina mabilioni ya seli zilizolala, zinangoja uvuguvugu na sukari. Ndani ya kila seli mna kiini chenye kromosomu 16, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, zinazotunzwa kwa njia zinazofanana mno na zinazotunza 46 zetu. Mwaka 1996 ilikuwa kiumbe cha kwanza chenye kiini cha seli kusomwa vinasaba vyake vyote: herufi milioni 12 hivi za DNA, ile kemikali iliyoandikwa vinasaba, na jeni, yaani maagizo, kama 6,000. Ukiing'oa jeni moja leo, baada ya siku chache unaona kilichoharibika. (Jamaa zake wa mwituni ndio wanaochachusha tembo la mnazi. Hilo sikumwambia shangazi.)

Sasa telomia. Ukinunua doti ya kanga, vipande viwili vimeungana. Ukivikata usivipinde, nyuzi huanza kuchomoka ukingoni, na kila ukifua zinazidi. Kromosomu ni uzi wa DNA wenye ncha mbili, nayo inataka pindo. Ncha tupu seli huiona kama uzi uliokatika, hukimbilia kuuunga na mwingine, na hapo vurugu huanza. Telomia ndiyo pindo: kipande cha herufi chache zinazojirudia, hakina amri yoyote ya kutengeneza protini, kazi yake kulinda tu. Kwetu sisi herufi ni TTAGGG, maelfu kwa maelfu. Kwa hamira pindo zima ni herufi 300 na kitu.

Tatizo ni kwamba mtambo unaonakili DNA hauwezi kumaliza ncha. Ni kama mtu anayepiga deki: pale aliposimama hapapigiki. Kwa hiyo kila seli inapogawanyika, pindo linapungua. Aliyelieleza hilo mapema, 1971, ni Mrusi Alexey Olovnikov. Lakini kama ni hivyo, hamira imewezaje kuzaana vizazi visivyohesabika bila kuisha?

Elizabeth Blackburn alikuwa amezisoma telomia za Tetrahymena, kijidudu cha maji baridi, na matokeo yakachapishwa 1978. Jack Szostak alikuwa akihangaika na hamira: kila akiiingizia kipande cha DNA chenye ncha wazi, hakidumu. Wakaamua kufanya jambo ambalo hata mimi nisingelibahatisha, wakazishona ncha za Tetrahymena kwenye kipande kile na kukitia ndani ya hamira. Kikadumu. Hiyo ni 1982. Viumbe viwili vilivyoachana zamani sana, na pindo la mmoja likamfaa mwingine! Zaidi ya hayo, hamira iliongeza herufi zake yenyewe juu ya zile za mgeni, maana yake kuna fundi anayeshona. Siku ya Krismasi 1984 Carol Greider, mwanafunzi wa Blackburn, akaona dalili za fundi huyo: kimeng'enya telomerasi. Wote watatu walipewa Nobeli ya tiba mwaka 2009.

Mimi niliingilia hapo. Vicki Lundblad na Szostak walikuwa wameonyesha mwaka 1989 kwamba ukiharibu jeni iitwayo EST1, ambayo fundi huyo hawezi kushona bila hiyo, telomia za hamira hufupika kidogo kidogo, herufi 3 hadi 5 kwa kizazi. Seli haifi siku hiyo. Nikiwa mwanafunzi wa uzamivu ughaibuni, nilirudia jaribio hilo kwa macho yangu. Kisahani cha kwanza, makundi ya seli meupe, manene, kama matone ya uji. Cha pili, vilevile, nikadhani nimekosea. Cha tatu yakawa vumbi. Makosa yalifanyika vizazi 70 nyuma na adhabu ndiyo kwanza inafika.

Halafu nikajitia aibu. Niling'oa jeni nyingine juu ya ile, nikaziacha seli kwenye chupa ya maji ya chakula badala ya kisahani, na baada ya siku kadhaa zikafufuka. Nikaandika kurasa nane kwamba nimepata jeni inayozuia uzee. Msimamizi wangu alizisoma zote, kisha akauliza kwa upole kama nilikuwa nimeweka chupa ya kulinganishia, yenye seli zisizo na telomerasi tu. Sikuwa nimeweka. Nilipoiweka, nayo ikafufuka. Ni waokokaji, walioelezwa tangu 1993: seli chache hukosa fundi, zikaazima vipande vya mapindo ya jirani kwa kutumia RAD52, jeni ya kuunga DNA iliyokatika. Ndani ya chupa hao wachache huwapita wenzao wagonjwa na kujaza mahali pote. Kurasa nane nikazifungia viatu.

Lakini kilichonibadilisha zaidi ni kazi ya sindano. Hamira haigawanyiki nusu kwa nusu; mama huchipuza binti mdogo ubavuni. Unakaa kwenye hadubini na sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, na kila dakika 90 hivi unamsukuma binti pembeni, unaandika: mmoja. Wawili. Usiku unaweka kisahani kwenye friji zisizae ukiwa umelala. Mama huongezeka mwili, huanza kuchelewa, na baada ya mabinti kama 25 kwa wastani husimama, hazai tena. Kila binti humwachia kovu la duara ukutani. Ukimpaka rangi na kumwekea mwanga unaofaa, makovu hung'aa buluu na unaweza kuyahesabu. Nimemwona bikizee mmoja aliyejaa makovu.

Na telomia zake? Ziko sawa. Telomerasi ya hamira haijalala, pindo la mama mzee ni refu kama la binti. Kinachomzeesha ni mengine. David Sinclair na Leonard Guarente walionyesha 1997 kwamba viduara vya DNA hukatika kutoka jeni za ribosomu (mitambo ya seli ya kutengeneza protini), hujilimbikiza ndani ya mama na kumlemea, wakati binti anaondoka karibu hana kitu. Kwa hiyo mna uzee wa ukoo, ule wa telomia, na uzee wa mama mwenyewe, na ile chupa ya shangazi imeuchanganya mmoja na mwingine.

Sisemi telomia hazina maana kwetu. Seli zetu nyingi zimemzima fundi, na wapo wanaozaliwa na telomerasi dhaifu wakaugua uboho au mapafu. Ila saratani nyingi, kama 85 hadi 90 kwa mia, zimemwamsha fundi huyo huyo ili zisichoke kugawanyika. Mtu anayekuuzia dawa ya kumwamsha bila kukutajia hilo, mimi simnunulii hata peremende.

Shangazi alinisikiliza huku anaimwagia hamira tui la uvuguvugu. Ikatoa povu. Akaitazama muda.

"Wasema mama mmoja azaa ishirini na tano?"

"Kwa wastani, shangazi."

"Mimi nimezaa saba." Akafunika bakuli kwa kitambaa. "Basi bado nna kumi na wanane."