Herufi moja katika kichwa cha habari

Tazama vichwa hivi viwili nilivyovitunga: "Simba yaua Lindi" na "Simba aua Lindi". Vimepishana herufi moja tu, lakini cha kwanza ni cha ukurasa wa michezo na cha pili ni msiba. Jina la timu huchukua upatanisho wa i-, ndiyo maana tunasema Simba imeshinda. Mnyama huchukua a-, kama mtu. Msomaji anayedaka "simba" na "ua" akaruka kiambishi ameikosa habari yenyewe.

Mhariri hubana maneno kwa sababu nafasi ni finyu. Badala ya "amefariki" anaandika "afariki", na wakati mwingine kitenzi anakiacha kabisa: "Walimu watatu mbaroni". Hapo hajakosea.

Shida huanza pale kiambishi kinapowafaa watu wawili. "Mke wa diwani aliyeiba saruji ya shule asakwa." Nani aliiba? "Aliye-" inamfaa mke, inamfaa na diwani, kwa kuwa viambishi vyetu havitofautishi mwanamke na mwanamume. Anayesakwa ni mke, hilo halina ubishi, lakini wizi unaweza kumwangukia yeyote kati yao, na hadi jioni mtaa mzima umeshahukumu. Kama mwizi ni mke, "Mke wa diwani asakwa kwa wizi wa saruji" ingetosha, tena ni fupi zaidi. Kwa hiyo utetezi wa nafasi finyu siukubali kila mara.

Kauli ya kutendewa nayo ina mtego wake. "Mwanafunzi apigiwa simu, alazwa." Kuna mtu kampigia akampa habari ya kumshtua, au kachapwa kwa kukutwa na simu? Jibu liko aya ya kwanza, si kwenye kichwa.

Kinachonitia hofu zaidi ni ile -a- ya "afariki". "Daraja labomoka, mabasi yakwama": lini? Gazetini tarehe imechapwa juu ya ukurasa. Kichwa kikipigwa picha, kikakatwa na kurushwa WhatsApp, tarehe hubaki nyuma, na -a- haisemi kama ni leo asubuhi au ni masika ya miaka mitatu iliyopita. Mvua zikianza, picha ya namna hiyo inatosha kuwafanya watu wapigiane simu usiku kucha wakiulizia ndugu walio safarini. Kabla hujaituma kwa mwingine, mwombe aliyekutumia akupe ukurasa mzima.