Ati watoto hawajui ukabila?

Nikisema nawasomea watoto hadithi za ubaguzi kuna mtu lazima aniambie, utawatia mambo hawana, waache wakae tu na utoto wao. Hii dhana ndio naipinga zaidi maana nimejionea. Jumamosi moja hapa Kayole, Nairobi, nilikuwa na watoto wa ploti yetu, hadithi ya fisi na sungura, kabla hata fisi hajaiba nyama kasichana ka miaka sita kakauliza, "Kwani fisi ni kabila gani?" Kijana mmoja akajibu papo hapo, akataja kabila, wakacheka wote. Isipokuwa mmoja, huyo aliinama akaanza kufungua na kufunga kamba ya kiatu. Mimi sikuwa nimefundisha kitu. Waliitoa kwa matatu, kwa nyumba, kwa simu za watu wazima wakati wa kampeni.

Na si Kenya pekee. Miaka ya 1940 huko Marekani wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere wanaofanana kila kitu isipokuwa rangi, wengi wakachagua mweupe wakasema ndiye mzuri. Miaka 3 jamani, hata kusoma bado.

Ingine ni ati hadithi za wanyama hazina neno. Zinalo. Fisi ni mlafi na mjinga kwa sababu tu amezaliwa fisi. Sisemi tuzitupe, mimi nimelelewa nazo, lakini siku hizi nikifika hapo nasimama nauliza "fisi wote?" na hapo wanabishana kweli kweli.

Halafu kuna wale wanataka kila hadithi iishe watu wamekumbatiana, ati ndio mtoto ajifunze amani. Mtoto aliyetukanwa anaona aliyemtukana hajaomba hata msamaha. Chukua Maktaba ya McMillan pale katikati ya jiji, ile ya simba mlangoni: ilifunguliwa 1931 na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma mpaka uhuru ulipokaribia. Ukiwasimulia hiyo usiruke miaka ya kufungiwa mlango ukimbilie pale pazuri, waache waulize nani alifunga na kwa nini.

Yule wa kamba ya kiatu alirudi Jumamosi iliyofuata, akaomba tusome ya fisi tena, na maneno ya fisi ayasome yeye.